Mke Mwenza Anayekula Betri

Sehemu ya Saba

Kwanza niwajibu walioniandikia. Mama mmoja wa Sakai anasema nimwache mume wangu. Mwingine anasema nichukue nyundo nikiponde kile kidude, yaishe. Na bwana mmoja, jina kaficha, anasema makosa ni yangu kwa sababu sisi wanawake wa Osaka tunaongea mno. Bwana, hongera kwa kupata mke bubu. Mimi naendelea kuongea.

Kwa wewe uliyenikuta njiani: naitwa Fumie, nakaanga kababu za viazi kwenye bucha la mtaani kwetu. Mume wangu, Shigenobu, anatengeneza skrubu kiwandani. Mwezi wa nane mwaka jana aliokota kompyuta ya mfukoni kwenye benchi la stesheni. Ndogo, inafunguka kama kikasha cha miwani. Juu kioo, chini vibonyezo vidogo kama punje za mtama. Akaipeleka kwenye kibanda cha polisi, maana kwetu ndivyo tunavyofanya. Mwenye mali asipokuja kwa miezi sita, sheria inampa aliyeokota. Mwenye mali hakuja. Machi ilipoingia tukaletewa kadi: njooni mchukue mali yenu.

Mali yetu! Ndani ya hiyo mali yetu kulikuwa na maandishi ya mwanamke.

Mume wangu akabadilika. Akawa anaisoma chooni. Akawa anaisoma mezani mpaka supu inapoa. Akanunua skafu ya kijani, na baridi ndiyo hiyo inakwisha. Akaanza kuvaa barakoa ya vumbi la mierezi, ile miti ambayo maua yake hutupigisha chafya kila Machi, na huyu mtu, kwa miaka kumi na tisa niliyolala naye, mierezi haijawahi kumtoa hata chafya moja. Kubwa kuliko yote, akaanza kula kwa mkono wa kushoto. Mtu wa miaka arobaini na sita anaangusha maharage mezani kama mtoto anayejifunza kushika vijiti.

"Baba Chinatsu, mkono wa kulia umefanya nini?"

"Mazoezi ya ubongo. Daktari kasema."

"Daktari gani?"

Akaokota harage lililoanguka, akalila.

Wiki iliyopita niliwaachia jioni ile yeye yuko hamamu, bafu la kulipia la mtaa wetu, mimi nimekitoa kidude kwenye mfuko wa koti lake, na simu inalia.

Aliyepiga ni Tokuko, shoga yangu. Tokuko anakaa kwenye kile kiti cha juu mlangoni mwa hamamu, wanaume upande huu, wanawake upande ule, anapokea viingilio. Hakuna mgongo mtaani kwetu asioujua.

"Fumie, ameingia majini sasa hivi."

"Atakaa kiasi gani?"

"Kawaida yake dakika ishirini. Lakini nitamwambia leo maji ya dawa ni mapya, akae aive."

"Mkawize, dada."

"Namkawiza. Ila usije ukanificha hata nukta."

Nikakifungua.

Mikono yangu inanuka mafuta ya kukaangia, nikaipangusa kwa aproni mara tatu, kana kwamba nakwenda kumsalimia mgeni wa heshima. Mgeni wa heshima! Mwizi wa waume za watu. Kioo kikawaka, maandishi yakatoka.

"Januari 14. Bwana wa ng'ambo leo kavaa skafu ya kijani. Kakaa kwenye benchi lake, anamenya chenza kwa mkono wa kushoto. Maganda anayafunga kwenye leso, hatupi chini. Natamani kujua leso hiyo anafuliwa na nani."

Nikasema, haya, huyu hapa! Skafu ya kijani, mkono wa kushoto, kila kitu! Leso anafuliwa na mimi, mama, tena kwa sabuni ya kipande! Wivu ukanipanda kutoka unyayoni mpaka masikio yakawa ya moto. Kumbe huku mimi namwagikiwa na mafuta, yeye ana mtu wake ng'ambo ya reli, wanatazamana kila asubuhi!

Nikaendelea kusoma. Anayetaka kuumia haachi.

"Machi 9. Vumbi la mierezi limemshika, maskini. Kavaa barakoa. Nimebakiwa na macho yake tu, na macho yenyewe yako mbali. Kila siku huwa kwenye benchi nusu saa kabla ya treni. Mtu asiye na haraka ni mtu mwema."

Hapo nikasita.

Nusu saa kabla ya treni? Shigenobu? Yule mwanaume akifika stesheni mlango wa treni unamng'ata koti. Nikarudi kuangalia mwaka. Ilikuwa Januari ya mwaka jana. Skafu ya mume wangu ina wiki mbili, risiti yake nimeiona kwa macho yangu mawili. Januari ya mwaka jana alikuwa anakula kwa mkono wa kulia kama babu yake. Na chenza? Mume wangu chenza hajui kumenya! Miaka kumi na tisa namenyea mimi, navua na zile nyuzi nyeupe, nampa kipande kipande.

Siyo yeye.

Nilikaa chini pale pale kwenye mkeka. Mwanamke huyu hampendi mume wangu. Hata hamjui. Anampenda mwanaume mwingine, wa benchi, wa skafu, wa mkono wa kushoto. Na mume wangu amesoma yote hayo, na badala ya kukifunga kidude na kusema loo, barua ya watu hii, amekwenda dukani akanunua skafu.

Anajifunza kuwa yule mwingine. Yale maharage yaliyokuwa yanaanguka mezani kwangu, alikuwa anafanya mazoezi ya mapenzi.

Nilikuwa na wivu kwa sababu mwanamke anamtaka mume wangu. Sasa nikawa na wivu mkubwa zaidi, kwa sababu hamtaki, na yeye anamtaka hivyo hivyo. Niambieni ninyi mnaojua kuandika barua magazetini: huo ni wivu gani?

Nikakimbilia ukurasa wa mwisho. Agosti 18.

"Bwana wangu wa ng'ambo. Kesho nitaiacha kompyuta hii kwenye benchi lako kabla hujafika. Siipotezi, nakupa. Utaipeleka polisi kama watu wote, nami sitakwenda kuidai. Baada ya miezi sita sheria itakukabidhi, na hapo hakuna atakayesema nilijipendekeza kwa mwanaume nisiyemjua. Njoo Jumapili ya tatu ya mwezi wa Machi, saa sita mchana, ukae kwenye benchi lako na skafu yako ya kijani. Nitakuwa ng'ambo, mahali pangu."

Mchukie, lakini umpe haki yake: mwanamke ana akili. Kaifanya sheria ya nchi kuwa mshenga wake.

Na mimi? Mimi Agosti 19 naikumbuka kama jana. Asubuhi ile tuligombana kwa sababu alisema wali umeungua. Nikamnyima kikasha chake cha chakula. Akatoka, akafika kona, akarudi kuniomba radhi ili apewe. Nikampa, treni ikamwacha. Ndiyo siku pekee katika maisha yake aliyopata nafasi ya kutazama benchi. Ningenyamaza kimya juu ya ule wali, kidude kingeokotwa na yule aliyekusudiwa.

Simu ikalia.

"Ametoka! Anavaa soksi!"

"Tokuko, mshike!"

"Nimshike nini, mume wako mwenyewe? Nimempa maziwa ya bure, anakunywa. Ya mwisho hayo, anza kuficha!"

Aliporudi, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, kidude kilikuwa kwenye koti na mimi nilikuwa jikoni nakata kabichi, nyembamba kuliko nilivyowahi kukata.

Baada ya chakula nikachukua chenza kwenye kapu, kama kila siku, nikaanza kulimenya.

"Lete," akasema. "Leo nitamenya mwenyewe."

"Utamenya mwenyewe?"

"Kwani nina miaka mingapi?"

Akalichukua kwa mkono wa kushoto. Maji yakamrukia jichoni, chenza likapasuka, akalila hivyo hivyo na nyuzi zake. Mimi nikainama nikaokota maganda. Wallahi, angenipiga kofi nisingeumia vile.

Kesho yake nikaomba ruhusa bucha, nikapanda treni mpaka Nipponbashi, kwenye yale maduka ya mitumba ya umeme. Nikamkuta mzee mmoja amezungukwa na redio zilizokufa.

"Mzee, kompyuta ndogo za mfukoni unazijua?"

"Nimezifungua mia tatu."

"Zinasahauje?"

"Hazisahau, mama. Zina betri za aina mbili. Hizi kubwa ni za kufanyia kazi. Na kuna moja bapa kama kifungo cha shati, hiyo ndiyo inashika kumbukumbu. Ukibadilisha, unatoa kubwa, unarudisha nyingine, ndipo unatoa ndogo. Ole wako utoe zote kwa pamoja."

"Nikitoa zote?"

"Kila kilichoandikwa kinakufa. Japani nzima hakuna fundi wa kukifufua."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

"Ahsante, mzee. Umenifurahisha sana."

Akavua miwani akanitazama. "Mama, watu nikiwaambia hilo huwa wanalia."

Jumamosi jioni Shigenobu akabeba beseni lake na taulo, akaenda hamamu. Alikaa huko muda mrefu kuliko siku zote, na Tokuko hakumkawiza. Tokuko baadaye akaniambia alinyoa mara mbili.

Nikatoa betri kubwa. Kioo kikazimika. Kile kibetri bapa nikakichokoa kwa pini ya nywele, kikaruka kikaangukia kwenye bakuli la mchuzi. Nikahesabu mpaka mia. Nilipofika sitini nikawaza, bado naweza kuacha? Nikamaliza mia, nikaongeza na nyingine.

Nilipozirudisha, kidude kikawaka kikasema: "Karibu. Tafadhali weka tarehe na saa." Kitupu, kisafi, hakimjui mtu.

Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilifurahi kama dakika nne. Nikampigia Tokuko.

"Nimemmaliza."

"Umemuua mwanamke wa watu?"

"Nimemfuta. Hajabaki hata herufi."

"Vizuri," akasema Tokuko. "Na kichwani mwa mumeo utamfuta kwa pini gani?"

Tarehe alishaisoma. Saa alishaijua. Kidude kilikuwa kimemaliza kazi yake kabla sijakigusa.

Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, Shigenobu akajisogeza dirishani, akakitoa mfukoni, akakifungua. Mimi nakunja nguo, nimempa mgongo, masikio yote yako kwake.

Nikamsikia akikinusa.

Kisha nikasikia vibonyezo: ti, ti, ti. Alikuwa anaweka tarehe. Taratibu, kwa kidole kimoja, cha mkono wa kushoto. Akaweka na saa.

"Kimejifuta," akasema.

"Vyombo vya umeme hivyo. Havina dhamana."

"Hakina harufu ya umeme. Kina harufu ya mchuzi."

Sikugeuka. Nilikunja fulana moja mara tano.

"Fumie," akaniita.

Ndugu wasomaji, tangu Chinatsu wetu azaliwe, na sasa yuko Kobe anasomea uuguzi, mwanaume huyu hajaniita jina langu. Mimi ni Mama, au wewe, au oya. Nikageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajua kwamba anajua, naye akajua kwamba najua, na hakuna aliyefungua mdomo kulisema.

"Naenda kununua chambo," akasema. "Cha kuvulia samaki."

"Na skafu?"

"Upepo."

"Na barakoa?"

"Mierezi."

"Baba Chinatsu, ukivuka mlango huo..."

Akasimama na kiatu kimoja mguuni, akanisubiri. Alinisubiri kweli, niwe mwadilifu. Nilitaka kusema usirudi. Nilitaka kusema usiende. Mdomo huu ambao yule bwana asiye na jina anaulalamikia, siku hiyo ulikosa maneno.

"Chukua ufunguo," nikasema.

Akachukua ufunguo, akaenda. Kwenye kapu mezani machenza yalipungua moja.

Mimi huyo nyuma. Nikaazima koti la Tokuko na kofia yake, nikavaa barakoa. Uzuri wa mwezi wa Machi ni huo, nusu ya mji wamejifunika nyuso, hata ukipishana na mama yako mzazi hamsalimiani. Sikupita jukwaa lake. Nilivuka daraja la juu ya reli nikashukia ng'ambo, mahali pake huyo mwanamke, ili akija nimwone kabla hajaonwa.

Stesheni yetu ni ndogo, kila jukwaa lina benchi moja. Benchi la ng'ambo lilishakaliwa.

Nikakaa pembeni yake. Nilimtazama kwa jicho la pembeni nikimtafutia kasoro. Nilitegemea mrembo. Alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi, barakoa usoni, mvi zimeanza juu ya sikio, koti la kahawia limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono, chupa ya chai mapajani. Nilimtafutia kasoro nikaikosa, na hilo nalo likaniudhi.

Upande wa pili, kwenye benchi lake la kuazima, alikuwa amekaa mume wangu. Skafu. Barakoa. Magoti pamoja kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ilipofika saa sita kamili akatoa chenza mfukoni, akaanza kulimenya kwa mkono wa kushoto.

Wiki mbili za mazoezi, na bado. Chenza likamteleza, likabingirika. Akaliokota, akalipangusa, akaanza tena kwa mkono ule ule wa kushoto. Watu wawili waliokuwa wanapita wakamcheka. Nilitaka nivuke reli nikawatie adabu. Niliwachukia wao kwa kumcheka, na nikamchukia yeye kwa kuchekwa kwa ajili ya mwingine.

"Samahani, dada," mwanamke akasema. Sauti ndogo, ya adabu. "Leo nimeacha miwani nyumbani. Nilitaka kupendeza, uzee huu. Kuna mtu kwenye benchi lile ng'ambo?"

"Yupo."

"Mwanaume?"

"Mwanaume."

"Ana skafu?"

"Ya kijani," nikasema. Ingefaa nini kuficha, kijani hata kipofu angekiona.

Akashusha pumzi ndefu. Mikono yake ikaishika ile chupa ya chai kama mtu anayeshika mlingoti.

"Anafanya nini?"

"Anamenya chenza."

"Anamenya kwa mkono gani, dada? Nakuomba, uniangalizie vizuri. Ni jambo kubwa kwangu."

Hapo ndipo ilipofika, wasomaji wangu. Ndoa yangu yote, miaka kumi na tisa, wali ulioungua na usioungua, ikawa imening'inia kwenye mkono mmoja. Nikisema kushoto, bwana wake ndiye yule, atasimama amwendee. Nikisema kulia, siye, atapanda treni arudi alikotoka.

Nilimtazama mume wangu. Ulikuwa mkono wa kushoto, hakuna ubishi.

"Kulia," nikasema.

"Una hakika?"

"Namwona vizuri kama ninavyokuona wewe. Kulia."

Nikasubiri ainame, alie, aende. Mwanamke akashusha barakoa yake, na chini ya barakoa alikuwa anatabasamu.

"Basi ndiye," akasema.

"Ndiye nani?"

"Ndiye niliyekuja kumwona." Akanigeukia, macho yamejaa machozi, ya furaha. "Nikueleze, dada, maana nisipomwambia mtu leo nitapasuka. Mwaka mzima nilikuwa namwandikia mwanaume wa mkono wa kushoto, anayekaa pale. Nikamwachia kitu changu cha thamani kwenye benchi, nikavuka huku nimwone akikiokota. Alikuja, akakiona, akakisukuma kando kwa gazeti kama ganda la ndizi, akakaa. Treni yake ikaja akapanda. Hakukigusa hata kwa kidole! Mtu niliyemwita mwema!"

"Yule wa kushoto?"

"Yule yule. Nikainuka nikachukue kitu changu, nijifiche na aibu yangu. Sijafika ngazi, akatokea mtu mwingine mbio mbio, kikasha cha chakula mkononi, treni imemwacha. Siku hiyo nilikuwa na miwani, dada, niliona yote. Akakishika kwa mkono wa kulia, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe, akatazama huku na huku kama anamtafuta mwenyewe. Kisha akakipeleka kwa polisi amekibeba kama yai. Na treni ya pili nayo ikamwacha kwa sababu hiyo."

Ile treni ya pili. Siku hiyo kiwandani walimkata nusu siku, nami nilimgombeza mpaka usiku.

"Nikasema, sheria na impe huyu," mwanamke akaendelea. "Sikukidai. Nimengoja miezi hii yote nikijiuliza: atasoma? Atakuja? Na leo uliponiambia skafu ni ya kijani nikaogopa. Nikasema isije ikawa ni yule wa kwanza, amekaa zake tu kama kawaida. Ungeniambia kushoto, dada, ningepanda treni hii inayokuja nikarudi nyumbani, na maisha yangu yote nisingekanyaga tena stesheni hii."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Yangu haikuwa na urefu hata wa benchi. Kweli ingeniokoa, nikaichukua kweli nikaitupa relini kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwanamke akasimama, akanyoosha koti lake.

"Nakusumbua mara ya mwisho. Ngazi za daraja hili bila miwani siziamini. Nishike mkono univushe, nikamwambie ahsante."

Ningefanya nini? Nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa ile chupa ya chai, akaushika wangu kama ndugu. Tukaanza kupanda. Kati ya vyuma vya daraja nilimwona mume wangu kule chini. Alikuwa amechoka kujifanya. Ameshusha mikono, amelihamishia chenza kwenye mkono wa kulia, na sasa lilikuwa linamenyeka vizuri, ganda moja refu, na zile nyuzi nyeupe alikuwa anazivua moja moja, vile vile ninavyovua mimi.

Tulipofika katikati ya daraja mwanamke akasimama kupumua.

"Nimejisahau kwa furaha, sikukuuliza," akasema. "Na wewe, dada, ulikuwa unamsubiri nani?"

Chini yetu mume wangu alikuwa amesimama. Alikuwa ameishusha barakoa, chenza lililomenywa liko mkononi, na macho yake hayakuwa kwa mwanamke yule. Yalikuwa kwangu, koti la Tokuko halikunificha, na kwenye mkono wangu ulioshikwa.